Alama Niliyoipaka kwa Kina Rukia

Harufu ya rangi ya mafuta ilinifikia kabla sijamwona aliyekuwa akiipaka. Nilikuwa natembea peke yangu kwenye kijia cha msituni, katika bonde la mto Dordogne kule Ufaransa, Jumamosi moja ya mwaka jana, na kwa saa mbili nzima pua yangu haikuwa imepata kitu kingine ila majani mabichi na mavi ya ng'ombe. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule ya upili. Walikuwa wametuita walimu kutoka nchi mbalimbali kwa kozi ya wiki tatu, na siku hiyo ya mapumziko wenzangu wote walikimbilia madukani. Mimi nilikuwa na miadi na ngome, miadi niliyoiweka nikiwa mtoto, na sikutaka mtu wa kunisindikiza.

Kwenye kona nikamkuta mzee mwembamba mwenye kofia pana, vikopo viwili vimening'inia kiunoni mwake, kimoja cha rangi nyeupe na kimoja cha nyekundu. Alikuwa anapaka mti. Mstari mweupe juu, mwekundu chini yake, taratibu, ncha ya ulimi imechungulia pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika jina lake. Nikasimama.

Maana mimi pia nimewahi kupaka alama hizo. Nilizipaka Nairobi, upande wa Eastlands, nikiwa na miaka kumi, na kidogo tu nimfukuzishe rafiki yangu mjini.

Mama yangu aliuza makoti ya mitumba. Kila Ijumaa alirudi na beli moja la nguo kutoka soko la Gikomba, na Jumamosi asubuhi sebule yetu ilinuka ile dawa ya nguo zilizosafiri mbali. Yeye alichagua na kupiga pasi, mimi kazi yangu ilikuwa mifuko. Nilipitisha mkono katika kila mfuko wa kila koti, na kanuni ilikuwa wazi: chochote cha kuuzika ni chake, karatasi ni zangu. Nilipata tiketi za treni, leso zilizokauka kama chapati ya juzi, na siku moja jino la mtoto, ambalo Mama alilitupa chooni kisha akanawa mikono mara tatu. Halafu siku moja, ndani ya koti dogo la mvua la rangi ya manjano, nikapata karatasi iliyokunjwa mara nane.

Nilipoikunjua ilifunika meza yote. Ilikuwa ramani ya kuchorwa kwa ajili ya watoto, mto wa bluu ambao jina lake, Dordogne, nilikuja kujua kulisoma miaka mingi baadaye, unaojipinda na kujipinda, na juu ya kila mpindo ngome ya mawe imekaa kwenye mwamba, na minara yake na bendera. Katikati ya ngome hizo palikuwa na kijia chenye vitone. Chini kabisa kulikuwa na picha za mvulana mwenye mkoba mgongoni. Penye mistari miwili, mweupe na mwekundu, alikuwa anatembea akitabasamu. Penye X, mstari mmoja mweupe na mwingine mwekundu, alikuwa amezama matopeni hadi vifundoni, anajikuna kichwa. Hapo huhitaji kujua lugha ya mtu.

Niliichukua mbio hadi kwa Rukia. Rukia tulianza naye darasa la kwanza siku moja, dawati moja. Aliishi na bibi yake chini ya mteremko, karibu na mto, katika nyumba ya mabati yenye kibanda cha makaa mbele. Mtaa mzima ulimwita bibi huyo Mama Makaa. Alikuwa Mborana kutoka Isiolo, huko kaskazini, mrefu, mikono yake myeusi hadi viwikoni kwa sababu ya biashara yake na miguu yake misafi ajabu. Sisi tulikaa juu, kwenye nyumba za mawe ambazo kaunsili ilijenga zamani. Kutoka kwetu hadi kwao ni mwendo wa dakika tano, na sikuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na tofauti nyingine zaidi ya hizo dakika tano.

"Sasa hawa wanaenda wapi?" Rukia aliuliza, kidole kwenye vitone.

"Kwa ngome."

"Kwa nani?"

"Hakuna mtu. Wenyewe walikufa kitambo."

"Na wakifika?"

"Wanaangalia, halafu wanarudi."

Rukia alilifikiria jambo hilo kwa makini. "Manze," akasema, "hao watu hawana kazi."

Mama naye, nilipomwonyesha, alisema bila kuinua pasi kwamba watu wa namna hiyo lazima wana mtu mwingine wa kuwafulia. Lakini sisi wawili tulikuwa tumeshanaswa. Hatukulala vizuri kwa maswali. Kwa nini madirisha ya ngome ni membamba hivyo, waliogopa baridi au waliogopa watu? Maji walipandishaje hadi huko juu? Nani alikuwa wa kwanza kusema njia ipite hapa, isipite pale? Na swali kubwa kuliko yote lilitoka kwa Rukia: kama kinachotakiwa ni mto na vitu virefu vilivyosimama kando yake, sisi tunakosa nini?

Mto tulikuwa nao, ingawa rangi yake ilitegemea siku. Na ngome tulizipata tatu bila taabu. Ya kwanza ilikuwa mnara wa tangi la maji. Ya pili ilikuwa ghorofa la orofa sita ambalo mwenyewe aliishiwa akaliacha bila madirisha, njiwa wakahamia bure. Ya tatu ilikuwa ukuta wa machimbo ya mawe ya zamani, ambao ukiutazama jioni ungeapa una mlango.

Rangi tulipewa na Fundi Odera, aliyekuwa anachomelea mageti kando ya barabara. Alikuwa na ile nyekundu ambayo geti hupakwa kwanza kuzuia kutu, na nyeupe iliyobaki chini ya kopo.

"Mnaenda kuandika nini?" aliuliza. "Msiniletee noma."

"Ni alama za njia, Fundi."

"Njia ya kwenda wapi?"

"Kwa ngome."

Alicheka hadi akainua miwani yake ya kazi ili afute macho, akatupatia na brashi yenye nywele chache kama ndevu zake.

Jumamosi hiyo ninaikumbuka kuliko siku zangu nyingi za kuzaliwa. Tulipaka nguzo za stima, mawe, mguu wa daraja, ukuta wa choo cha umma. Mstari mweupe, mstari mwekundu. Watu walituuliza, "Hizo ni za nini, watoi?" na Rukia akajibu kwa kiburi, "Ni za kutembea." Kufika kwenye lile ghorofa tulikuwa na msafara wa watoto saba nyuma yetu na mbwa mmoja. Mlinzi, baada ya kukataa mara mbili kwa ajili ya heshima yake, alitupandisha hadi orofa ya tatu. Tukatazama chini. Na huko chini mto wetu ulikuwa unajipinda! Kulia, kushoto, kulia tena, sawasawa na ule wa kwenye karatasi. Tangu tuzaliwe tulikuwa tumeuruka, tumeuzibia pua, tumetumwa kutupa vitu ndani yake, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba unajipinda.

Laiti ningeishia hapo. Lakini ile alama ya X tulikuwa hatujaitumia, na brashi ilikuwa inaniwasha mkononi.

Jumapili Rukia alikuwa madrasa. Mimi baada ya kanisa nilivua gauni, nikachukua makopo, nikateremka. Njia iliyopita ubavuni mwa nyumba ya kina Rukia iliishia kwenye kinamasi cha mto. Rukia mwenyewe alikuwa amepoteza ndara pale, na mimi nilikuwa nimezama hadi vifundoni kama yule mvulana. Kwa mujibu wa karatasi, hapo ndipo hasa penye kazi ya X. Tena ubavu wa ile nyumba ulikuwa na bati jipya linalong'aa, mtu yeyote angeona akiwa mbali. Mama Makaa alikuwa ameenda kupokea magunia yake kwenye lori. Nyeupe ilikuwa imekwisha, basi nikaipaka yote nyekundu. Nilipomaliza ilikuwa ndefu kunishinda, mistari imenyooka, na nilirudi nyumbani kula nikiwa na furaha ya mtu aliyemwandalia rafiki yake zawadi.

Mtauliza, mtoto wa Nairobi, hujui X nyekundu kwenye nyumba ina maana gani? Sikujua. X niliyoijua mimi ilikuwa ya mwalimu wa hesabu. Kwenye nyumba za mawe hakuna aliyewahi kuja kutuchorea.

Alasiri hiyo nilisikia mlio wa misumari ikichomolewa kwenye mabati, ule mlio unaokwaruza meno, ukipanda kutoka bondeni. Nikadhani kuna mtu anajenga.

Jumatatu asubuhi Rukia alikuja shuleni bila sare, akanisubiri getini. Ramani ilikuwa zamu yake kukaa nayo. Alinipa.

"Shika. Sisi kesho tunaenda Isiolo."

"Kufanya?"

"Kukaa. Tumepigwa X, tunabomolewa." Alikuwa anajikaza asilie, na kidevu kilikuwa hakimsikii. "Bibi amesema tukitoa mabati wenyewe hatutayapoteza. Kule tulikuwa tunakaa kwanza, tingatinga ilikuja na tukapoteza yote. Na hii X ni kubwa, Kabi. Bibi anasema hajawahi kuona kubwa hivyo."

Alikuwa ameishika mkononi karatasi yenye X, ananipa, na hakuona. Miaka mingi baadaye nilimuuliza iweje, akanijibu kwamba ya kwenye karatasi ilikuwa mchezo, na ya nyumbani ilikuwa X. Mimi niliona papo hapo. Niliikunja karatasi haraka, nikaificha ndani ya sweta. Nilimwogopa mama yangu, nilimwogopa Fundi, niliwaogopa polisi ambao hakuna aliyewataja. Nilimtazama rafiki yangu akiondoka, kisha nikaingia darasani, nikarudishiwa daftari langu la hesabu, na kila nilipofungua ukurasa X zilikuwa zinanitazama, nyekundu, mbili mbili, tatu tatu.

Saa kumi kengele ilipolia nilikimbia bila kupitia nyumbani. Nyumba ya kina Rukia haikuwa na paa. Mabati yalikuwa yamepangwa chini kama vitabu, Fundi Odera anayafunga kamba, na Rukia amekaa juu ya godoro katikati ya kile kilichokuwa chumba chao, jua linamwakia kichwani. Majirani watatu wa mstari ule nao walikuwa juu ya nyumba zao na nyundo, maana X huwa haiji peke yake. Mama yangu alikuwa pale pia, anamsaidia Mama Makaa kufunga vyombo kwa magazeti. Bati moja tu lilikuwa halijaguswa, lile lenye kazi yangu ya mikono.

"Ni mimi," nikasema. Hakuna aliyesikia, nyundo zilikuwa zinapiga. Nikapanda juu ya mabati yaliyopangwa, yakalia kama radi, wote wakageuka. "Ni mimi nilipaka! Si serikali. Ni mimi!"

Nikaitoa ramani kwenye sweta, nikaikunjua, nikaanza kueleza, nalia na kueleza pamoja, ngome, mto, mvulana, matope. Juu ya mapaa watu waliganda na nyundo zao. Mmoja alitukana. Fundi Odera aliweka mikono kichwani, maana rangi ilikuwa yake. Mama yangu aliinama kuvua ndara, na sote tunajua ndara ikivuliwa hivyo inaenda wapi.

"Mwache kwanza," Mama Makaa akasema.

Alifuta mikono kwenye leso yake, ikabaki myeusi vile vile, akaishika karatasi yangu kwa ncha za vidole ili asiichafue. Akaiangalia muda mrefu.

"Hii alama, kwao huko, inasema nini?"

"Inasema rudi, Bibi. Njia si hii."

"Na mtu akirudi, nyumba inabaki?"

"Hakuna nyumba. Ni miti. Na ngome."

"Ngome ya nani?"

"Wenyewe walikufa kitambo."

"Walikufa," akarudia, "na haijabomolewa."

Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akakaa chini kando ya Rukia, machozi yakichora mistari kwenye vumbi la makaa usoni mwake, na mimi nikacheka kidogo kwa kufurahi kwamba sitauawa. Nilidhani ni kicheko.

Kesho yake nyumba ilirudishwa. Mimi niliadhibiwa kusugua ile X kwa mafuta ya taa na mchanga, wiki nzima baada ya shule, na bado kivuli cha rangi ya waridi kilibaki. Fundi Odera, kwa ajili ya kulipia sehemu yake ya kosa, alileta misumari mipya. Lakini Mama Makaa alikataa misumari. Alitaka paa lifungwe kwa waya, bati kwa bati, vifundo vya kufunguka kwa mkono. Fundi alibishana naye hadi akachoka, akafunga waya.

Paa lile lilinitesa. Upepo ukivuma lilipiga kelele mtaa mzima, na kila likipiga nilisikia jina langu. Niliamini kwamba bibi yule aliyenisamehe mbele za watu alikuwa ameamua kunikumbusha hadi nife. Niliacha kwenda kwao mvua ikinyesha. Rukia akiniuliza, nilisingizia kazi za nyumbani, na mambo ya ngome hatukuyataja tena.

Nilikuwa kidato cha pili walipokuja watu wa serikali wenyewe. X zao zilikuwa ndogo, nadhifu, kila moja na nambari chini yake. Kingo za mto hazikutakiwa kuwa na watu, ndivyo walivyosema. Muda waliotoa ulikuwa mfupi, na tingatinga ilifika kabla muda huo haujakwisha, asubuhi, watu wakiwa bado wanakunywa chai. Nilisimama juu kwenye nyumba zetu za mawe nikatazama. Majirani walikuwa wanang'ang'ana na misumari yenye kutu, wengine waliacha paa wakaokoa watoto na masufuria. Mama Makaa na Rukia walizunguka nyumba yao wakifungua vifundo, mmoja huku, mwingine kule, bila kukimbia. Kufikia zamu yao hapakuwa na kitu cha kubomoa. Bati lenye kivuli changu lilipanda juu ya pikapu pamoja na mengine, likaenda Isiolo.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa waya. Haukuwa wangu hata kidogo. Kwa miaka yote ile nilijiona ndiye niliyemletea yule mama hofu, kumbe hofu ilikuwa yake tangu zamani, na mimi nilichofanya ni kuichora tu, kubwa, mahali ambapo hata yeye angeiona. Nilikuwa na kiburi hata katika majuto yangu. Rukia ananiambia kwamba huko Isiolo, ambako hakuna mtu aliyewahi kuwachorea chochote, bibi yake aliendelea kuishi chini ya paa la waya hadi alipofariki, na hakuruhusu msumari.

Yule mzee wa vikopo aliniuliza natoka wapi, nikamwambia. Akauliza kama Nairobi kuna vijia vya kutembea. Nikamwambia kulikuwa na kimoja, kilipita ngome tatu, na kwamba nilikipaka mimi na rafiki yangu. Alifurahi kama aliyekutana na mtu wa kwao, akanipa brashi. Nikapaka mti, mweupe juu, mwekundu chini, naye akasifu mkono wangu.

Tukatembea pamoja hadi njia ilipogawanyika. Kijia kimoja kilipanda kwenda ngomeni, kingine kiliishia kwenye genge la mwamba. Hapa, akasema, ni X, na hii ndiyo alama inayowafaa watu kuliko zote, tafadhali, karibu. Nikachovya brashi kwenye nyekundu. Kisha nikajikuta nimeinama, nachungulia nyuma ya ule mti, kushoto kwake, kulia kwake, natafuta nyumba ya mtu. Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na magugu, na mbali juu ya mwamba ngome ya mawe ya watu waliokufa, imesimama vizuri kabisa.

Nikamrudishia brashi, nikamwomba hiyo aipake mwenyewe.